Haki ya Kushindwa

Ndugu msikilizaji, leo nakuomba tusafiri pamoja hadi Marekani, tukamtazame mtu ambaye kazi yake maisha yote ilikuwa kuzuia. Sina maana ya askari wala bawabu. Nina maana ya kocha wa ulinzi katika mpira wa Kimarekani, ule wa kofia ngumu na mabega mapana, ambao ingawa wenyewe wanauita mpira wa miguu, muda mwingi huchezwa kwa mikono. Mtu huyo anaitwa Charlie Strong. Kama jina lake hulijui, usijilaumu. Katika mchezo wowote mfungaji ndiye anayebebwa mabegani. Mwenye kuzuia hukumbukwa siku aliyokosea.

Nimemchagua kwa sababu ya neno lililosemwa juu yake mwezi Januari 2014. Wakati huo ndiyo kwanza alikuwa ameteuliwa kuwa kocha mkuu wa Chuo Kikuu cha Texas, moja ya nafasi kubwa kabisa katika mpira wa vyuo. Alikuwa Mmarekani Mweusi wa kwanza kuwa kocha mkuu wa timu yoyote ya wanaume chuoni hapo. Tajiri mmoja, Red McCombs, mfadhili mkubwa ambaye shule ya biashara ya chuo hicho inaitwa kwa jina lake, alihojiwa redioni. Hakufurahi. Alilalamika kwamba uteuzi ulifanywa vibaya, ni kama kupigwa teke usoni. Akaongeza kwamba Strong ni kocha mzuri, angefaa sana kuwa kocha wa kundi dogo la wachezaji, au pengine mkuu wa ulinzi au wa mashambulizi.

Haki yake tumpe: baadaye aliomba radhi. Lakini neno likishatoka halirudi kinywani, na mimi nadhani neno lile lilieleza historia nzima bila mwenyewe kukusudia. Maana yake ilikuwa hii: fundi ni fundi kweli, lakini abaki kuwa fundi.

Ili tuelewane, kwanza niueleze mchezo wenyewe. Timu ikiwa na mpira hupewa nafasi nne za kusonga mbele yadi 10. Ikizipata, hupewa nafasi nyingine nne. Ikizikosa, mpira unakwenda kwa wapinzani. Kila upande una watu 11 uwanjani, na wanaoshambulia si wale wanaolinda: mpira ukibadilisha mikono, kundi zima hutoka na jingine huingia. Mkuu wa ulinzi ndiye anayekesha akitazama picha za michezo ya wapinzani. Siku ya pambano huamua, kabla ya kila mchomo, nani asimame wapi na nani amkimbilie nani. Ni kazi ya kuisoma nia ya mtu kabla hajaitekeleza.

Ukocha wa vyuoni una ngazi. Chini kabisa yupo msaidizi ambaye bado ni mwanafunzi wa shahada ya juu, anayelipwa posho. Juu yake kuna kocha wa kundi dogo, tuseme mabeki wa nyuma au walinzi wa mstari wa mbele. Juu ya huyo kuna mkuu wa ulinzi na mkuu wa mashambulizi. Kileleni yupo kocha mkuu, na huko kileleni kuna fedha. Katika majimbo mengi ya Marekani mtumishi wa umma anayelipwa kuliko wote si gavana wala jaji, bali ni kocha wa chuo kikuu cha umma. Mshahara wa Strong pale Texas ulikuwa kama dola milioni 5 kwa mwaka.

Sasa tumfuate mtu wetu ngazi kwa ngazi. Alizaliwa mwaka 1960 katika mji mdogo wa Batesville, jimbo la Arkansas. Miaka mitatu kabla, mwaka 1957, katika mji mkuu wa jimbo hilo hilo, Little Rock, Rais Eisenhower alilazimika kupeleka wanajeshi ili wanafunzi tisa Weusi waweze kuingia shule ya sekondari pamoja na Wazungu. Hiyo ndiyo hewa aliyoivuta utotoni. Alicheza nafasi ya beki wa nyuma katika Chuo Kikuu cha Central Arkansas, chuo kisicho na jina kubwa. Mwaka 1983 akaingia Chuo Kikuu cha Florida kama msaidizi mwanafunzi, yaani ngazi ya chini kabisa.

Kuanzia hapo ni safari ya kufunga na kufungua mizigo. Mwaka 1985 yuko Texas A&M. Mwaka 1986 yuko Southern Illinois. Mwaka 1988 amerudi Florida. Mwaka 1990 yuko Mississippi. Mwaka 1991 Florida tena, na mwaka 1995 anahamia Notre Dame, chuo cha Kikatoliki chenye historia ndefu kuliko wengi katika mchezo huu. Kila alipokwenda alipewa kundi la vijana awafundishe, na akawafundisha. Makocha wakuu walikuja na kuondoka, na mara kwa mara aliyekuja baadaye aliona afadhali Strong abaki.

Mwaka 1999 kocha mzee Lou Holtz, aliyekuwa amemchukua Notre Dame, alimwita South Carolina awe mkuu wa ulinzi. Hapo Strong aliandika historia. Alikuwa mtu Mweusi wa kwanza kupewa kazi hiyo katika umoja wa vyuo vya Kusini-Mashariki, unaojulikana kwa herufi SEC, ambao ndio wenye mpira mkali kuliko wote nchini humo. Msimu wa kwanza timu ilicheza michezo 11 na kupoteza yote 11. Mwaka uliofuata ilishinda 8, na mwaka 2001 ikashinda 9.

Hapa nakuomba utulie kidogo tuhesabu miaka. Mchezaji Mweusi wa kwanza kucheza katika umoja huo wa SEC alikuwa Nate Northington wa Kentucky, mwaka 1967. Tangu mchezaji wa kwanza hadi mkuu wa ulinzi wa kwanza ni miaka 32. Kocha mkuu wa kwanza Mweusi, Sylvester Croom, aliingia uwanjani na timu ya Mississippi State mwaka 2004, yaani miaka 37 baada ya Northington. Kwa hiyo miguu ilikaribishwa mapema, lakini kichwa kiliachwa nje kisubiri.

Wala usidhani palikuwa na upungufu wa vichwa. Katika chuo cha Weusi cha Grambling, Louisiana, Eddie Robinson alianza kufundisha mwaka 1941 akastaafu mwaka 1997, akiwa ameshinda michezo 408. Vijana wake walijaa katika ligi ya kulipwa. Hata hivyo chuo kikubwa cha daraja la kwanza hakikumwajiri kocha mkuu Mweusi mpaka mwaka 1979, pale Wichita State ilipomchukua Willie Jeffries. Huko Texas kwenyewe, timu iliyotwaa ubingwa wa taifa mwaka 1969 ilikuwa ya Wazungu watupu. Ujuzi ulikuwapo, mlango ndio uliokuwa umefungwa.

Mwaka 2003 Strong alirudi Florida kwa mara ya nne, safari hii kama mkuu wa ulinzi. Mwishoni mwa mwaka 2004 kocha mkuu alifukuzwa, na Strong akakabidhiwa timu kwa mchezo mmoja tu wa kufungia msimu. Mchezo ulipokwisha akarudi kwenye nafasi yake ya zamani, na kiti akapewa Urban Meyer.

Huyu Meyer na Strong walikuwa wakifahamiana. Walifanya kazi pamoja Notre Dame miaka ya 1990, wote wawili wakiwa makocha wa makundi madogo. Meyer ni mdogo kwa Strong kwa miaka minne. Mwaka 2001 Meyer alitolewa katika nafasi hiyo ya kundi dogo akapewa moja kwa moja timu nzima ya Bowling Green, bila kwanza kuwa mkuu wa mashambulizi. Sina ugomvi naye. Alishinda huko, akashinda Utah, akaja kushinda Florida. Aliaminiwa kabla ya kuonyesha, kisha akaonyesha. Ninachouliza ni kwa nini mwenzake alitakiwa kuonyesha kwanza, tena mara nyingi, na bado asiaminiwe.

Suala hili linanigusa kwa sababu marehemu baba yangu alikuwa karani katika ofisi moja ya wilaya wakati wa mkoloni. Alikuwa akitusimulia jinsi vijana kutoka ng'ambo walivyoletwa kwake, hawajui faili lipi lakaa wapi wala barua hujibiwaje. Aliwafundisha kwa upole. Baada ya miezi michache kijana yule yule alihamia meza kubwa, na baba akawa anagonga mlango kabla ya kuingia. "Nilimfundisha hata mahali pa kutia sahihi," alikuwa akisema, kisha anacheka. Mimi nilipokuwa mdogo nilicheka pamoja naye. Nilipokuwa mtu mzima nilielewa kwamba kile hakikuwa kicheko.

Turudi Florida. Tarehe 8 Januari 2007 timu ya Meyer ilicheza fainali ya ubingwa wa taifa dhidi ya Ohio State, ambayo ilikuwa haijafungwa msimu mzima na ilikuwa na mchezaji aliyetunukiwa kuwa bora kuliko wote nchini. Wengi waliipa Ohio State ushindi kabla ya mchezo. Vijana wa Strong waliwabana kiasi kwamba mchezo mzima walipata yadi 82 tu, wakati timu nzuri hupata mia tatu na zaidi. Florida ilishinda 41 kwa 14. Miaka miwili baadaye, tarehe 8 Januari 2009, Florida ilikutana na Oklahoma iliyokuwa ikifunga mabao kama mvua ya masika. Ulinzi wa Strong uliwaruhusu pointi 14 tu, na Florida ikatwaa ubingwa tena kwa 24 kwa 14.

Utasema, basi baada ya mwaka 2007 simu yake ililia mchana na usiku. La hasha. Wakati huo vyuo vya daraja la kwanza vilikuwa 120 hivi, na makocha wakuu Weusi hawakufika hata kumi, ingawa wachezaji Weusi walikuwa wamejaa viwanjani. Strong aliitwa kwenye mahojiano hapa na pale, akarudi mikono mitupu. Kabla ya fainali ile ya mwaka 2009 aliwaambia waandishi wa habari jambo ambalo wengi hulisema chumbani tu: kwamba katika chuo kimoja cha Kusini, watu walimweleza kuwa alikosa kazi kwa sababu mke wake ni Mzungu. Hakutaja chuo, wala mimi sitabahatisha. Lakini angalia mtu anavyoweza kuusoma kila ujanja wa wapinzani uwanjani, asiweze kuuzuia ule unaofanyika katika chumba cha mahojiano.

Mwezi Desemba 2009 Chuo Kikuu cha Louisville kilimpa timu. Alikuwa na umri wa miaka 49, na tangu alipoanza Florida ilikuwa imepita miaka 26. Alipotambulishwa mbele ya waandishi, machozi yalimtoka. Wapo walioshangaa kocha wa ulinzi kulia. Mimi sikushangaa.

Misimu miwili ya kwanza Louisville ilishinda 7 na kupoteza 6 kila mwaka. Wa tatu, mwaka 2012, ilishinda 11. Tarehe 2 Januari 2013, katika pambano la Sugar Bowl mjini New Orleans, ilikutana na nani? Florida, nyumba aliyoijenga yeye mwenyewe. Watabiri walisema Louisville itachapwa. Pasi ya kwanza kabisa ya Florida ilinyakuliwa na beki wa Louisville, akakimbia nayo hadi mstarini. Mchezo ukaisha 33 kwa 23. Msimu uliofuata Louisville ilishinda michezo 12 na kupoteza mmoja. Kwa jumla alishinda 37, akapoteza 15.

Ndipo Texas wakamwita, na ndipo tajiri yule akasema neno lake.

Sasa nifike mahali pagumu, maana sitaki kumtetea mtu kwa uongo. Strong hakufanikiwa Texas. Aliingia na amri zake tano: uwe mkweli, waheshimu wanawake, usitumie dawa za kulevya, usiibe, usibebe silaha. Waliozivunja aliwatimua hata kama walikuwa hodari, na kwa hilo nampongeza. Lakini uwanjani mambo yalikwenda vibaya. Mwaka 2014 alishinda 6 akapoteza 7. Mwaka 2015 alishinda 5 akapoteza 7. Mwaka 2016 hivyo hivyo, 5 kwa 7. Kichekesho kichungu ni kwamba hata ulinzi wenyewe, taaluma yake, ulivuja, mpaka katikati ya msimu wa 2016 akamshusha mkuu wa ulinzi na kuishika kazi hiyo kwa mikono yake. Tarehe 19 Novemba 2016 Texas ilifungwa na Kansas, timu ambayo haikuwa imeishinda Texas tangu mwaka 1938. Juma moja baadaye alifukuzwa. Misimu mitatu mfululizo ya kupoteza zaidi kuliko kushinda haikuwa imeonekana Texas tangu miaka ya 1930. Chuo chochote kingemwondoa kocha yeyote kwa hesabu hiyo, nasi tusiseme jua ni mwezi.

Basi je, tajiri yule alikuwa sahihi? Wapo waliosema hivyo, wakatikisa vichwa: si tulisema? Hapo ndipo mimi nasimama na kubisha.

Kwanza, Louisville ilikuwa imekwisha kujibu swali la kama anaweza kuongoza. Mtu aliyeshinda michezo 23 katika misimu miwili si fundi aliyepotea njia akaingia ofisi ya mkuu. Pili, makocha Wazungu wanaofukuzwa kila mwaka ni wengi kiasi kwamba vyuo huwa vinawalipa fidia kubwa ili waondoke. Hakuna hata siku moja tuliyosikia mtu akisema, "Tazama, huyu Mzungu ameshindwa, yafaa tufikiri mara mbili kabla ya kumwajiri Mzungu mwingine." Akishindwa yeye, ameshindwa yeye. Lakini aliye wa kwanza wa kabila lake kukalia kiti huwa hakikalii peke yake. Amewapakata wote watakaokuja nyuma yake, na akianguka, huambiwa ameanguka nao.

Hiyo ndiyo haki ninayoizungumzia leo, haki ya kushindwa kama mtu mmoja. Tumezoea kuipima haki kwa siku ile mtu wa kwanza anapofunguliwa mlango. Tunapiga picha, tunapiga makofi. Nadhani kipimo hicho ni kifupi. Mlango umefunguka kweli pale wa kwanza anaposhindwa na wa pili bado akaitwa, na wa tatu, wengine hodari na wengine wa kawaida tu, kama walivyo binadamu wote.

Strong mwenyewe, kwa bahati, alipata nafasi nyingine. Chuo Kikuu cha South Florida kilimchukua mara moja. Mwaka 2017 alishinda 10 na kupoteza 2. Mwaka 2018 alishinda michezo 7 ya kwanza, kisha akapoteza 6 mfululizo. Mwaka 2019 alishinda 4 akapoteza 8, akaondolewa. Baada ya hapo alishuka ngazi zile zile alizozipanda: mwaka 2020 alikuwa mchambuzi pale Alabama, timu iliyokuja kuwa bingwa, mwaka 2021 alikuwa msaidizi wa Meyer, rafiki yake wa zamani, katika ligi ya kulipwa huko Jacksonville, mwaka 2022 alikuwa Miami, akifundisha kundi dogo la walinzi na kusaidia kuuongoza ulinzi. Alirudi kuwa fundi. Ila safari hii alikuwa amekwisha kuonja kiti, kwa uzuri wake na kwa ubaya wake, na hakuna wa kumwambia kwamba hakijui.

Kabla sijaaga, msikilizaji, tusijifanye kwamba jambo hili ni la Wamarekani peke yao. Tazama ofisini kwako. Mwanamke wa kwanza kuwa meneja akikosea hesabu, utasikia ngazini watu wakinong'ona kwamba wanawake hawawezi uongozi. Meneja mwanamume wa kumi akikosea hesabu ile ile, wananong'ona kwamba Bwana Fulani ni mvivu. Mmoja ameibeba jinsia nzima kichwani, mwingine amebeba uvivu wake tu. Ni sisi tunaosema hivyo, hapa hapa, wala hatukufundishwa na tajiri wa Texas.

Wahenga walisema mnyonge mnyongeni lakini haki yake mpeni. Charlie Strong alinyongwa kwa hesabu za michezo, na hesabu zilikuwa za kweli. Haki yake ni kwamba hesabu hizo ziandikwe kwa jina lake peke yake. Juma lijalo ukimsikia mtu akisema "hawa watu hawawezi", muulize kwa upole: ni watu wangapi waliowahi kupewa nafasi ya kujaribu?